Muulize Anayemdai

Jirani yetu alikuja na jembe begani saa kumi na nusu jioni, siku ambayo haikuwa ya kulima. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni na kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, umri wa kutumwa kuni na kusahau njiani. Jirani alikaribishwa aketi, akakataa. Alisema maneno machache kwa Kichaga, kwa sauti ambayo sikuizoea kutoka kwake, maana alikuwa mtu wa kufoka, kisha akashuka kuelekea mpakani. Babu akamfuata. Nami nikawafuata wote wawili.

Mpaka wetu ulikuwa wa masale. Kwa msomaji asiyeijua milima yetu, sale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga huupanda kuonyesha kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Jani la mmea huo huo ndilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea unapotaka suluhu, na aliyepelekewa sale huona aibu kukataa.

Jirani hakuleta jani. Aling'oa masale saba, moja baada ya jingine, udongo ukiwa bado umeshika mizizi, akayapanda upya hatua mbili na nusu ndani ya eneo lililokuwa likiitwa lake. Ndiye aliyeyasogeza usiku, miaka mingi kabla sijazaliwa. Babu alikuwa akishuku siku zote, lakini hakuwa na shahidi. Leo mwizi mwenyewe ndiye aliyekuja kutoa ushahidi. Babu akapima kwa hatua zake, akarudia kupima, kisha akauliza swali lililonifanya nimwonee jirani huruma:

"Na mikungu ya miaka yote hiyo?"

Jirani hakujibu. Ila kuanzia msimu ule tulikuwa tukikuta mkungu wa ndizi mlangoni, karibu kila mwezi, kwa miaka miwili hivi. Sisi watoto tuliula bila kujua kwamba tunakula toba ya mtu.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameokoka, kwamba alikaa na ndugu kila Jumatano jioni, na kwamba ndugu wale walikuwa sehemu ya jambo kubwa lililoanzia mbali na Kilimanjaro. Babu hakuokoka wala hakutaka. Aliwaona walokole ni watu wa maneno mengi. Lakini tangu siku ile hakumtaja tena jirani katika orodha yake ya wanafiki, na orodha ile ilikuwa ndefu.

Jembe lile limenirudia siku hizi kwa sababu ya swali ambalo haliishi kila tunapokutana baada ya ibada hapa Dar es Salaam: je, kuna kitu kinabadilika katika kanisa, au ni kelele tu? Mmoja anataja mikesha inayojaza viwanja. Mwingine anahesabu magari yaliyoegeshwa barabarani mpaka daladala zinakosa njia. Kijana mmoja alitoa simu kutuonyesha Asbury, chuo kikuu katika mji mdogo wa Wilmore, Kentucky, ambako ibada ya asubuhi ya tarehe 8 Februari 2023 ilikwisha lakini baadhi ya wanafunzi hawakutoka. Waliendelea kuimba na kuomba kwa zaidi ya wiki mbili, na maelfu ya watu wakasafiri kwenda kuona. "Hii ni dalili, mzee," aliniambia. Mzee mwenzangu wa kanisa akajibu kwamba kwake dalili ni vijana kurudi kwenye kipaimara. Mwingine akasema dalili ni kwamba watu wanalia.

Siwabezi wanaolia. Nimewahi kulia kwenye mkesha, na machozi yalikuwa ya kweli. Jumatatu yake nilifika kazini nikaketi nikaandika barua ya kumchongea mwenzangu kwa bosi, nayo ilikuwa barua nzuri sana.

Swali lenyewe ni la zamani. Septemba 1741, Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton huko Massachusetts, alisimama mbele ya wasomi wa chuo cha Yale, mjini New Haven, wakati makoloni yale ya Uingereza yakitikiswa na uamsho. Watu walikuwa wakianguka makanisani, wakipiga mayowe, wakizimia. Wapo waliosema ni Mungu na wapo waliosema ni wazimu. Edwards aliyaweka kando kwanza mambo yasiyothibitisha lolote. Mwili kutetemeka hakuthibitishi kwamba Roho yupo, wala kwamba hayupo. Kelele vivyo hivyo. Watu kuvutwa na mfano wa wenzao, vivyo hivyo. Hata baadhi yao wakija kuanguka dhambini baadaye, hilo halifanyi kazi nzima iwe ya uongo. Baada ya kufagia uwanja hivyo ndipo alipokuja kwenye dalili alizoziamini: Yesu kuheshimiwa, dhambi kuchukiwa, Maandiko kuthaminiwa, ukweli kupendwa, na upendo kwa Mungu na kwa watu. Miaka mitano baadaye, katika kitabu kikubwa zaidi, aliongeza uzito kwenye jambo moja, yaani mwenendo wa mtu siku baada ya siku.

Nimemsoma mara nyingi na bado namwona ni mwalimu. Lakini katika karatasi zake alizoziacha imo risiti. Juni 1731, mjini Newport, Rhode Island, Edwards alinunua msichana wa Kiafrika mwenye umri wa miaka kama 14, aliyeitwa Venus, kwa pauni 80. Na karibu na wakati ule ule wa hotuba ya Yale aliandika rasimu ya kumtetea mchungaji mwenzake aliyelaumiwa na washirika wake kwa kumiliki watumwa. Ndani ya rasimu hiyo aliipinga biashara ya kuwatoa watu Afrika, lakini waliokwisha kununuliwa aliwaacha walipo. Bingwa wa kusoma dalili alikuwa na dalili moja ndani ya nyumba yake, ikimletea maji ya kunawa, na hakuisoma. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza Venus kama uamsho umefika.

Kwa hiyo sisi wa huku, tuliosimuliwa uamsho na watu tuliowajua kwa sura, tuna bahati fulani. Wetu ulianza na watu waliochoka. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akiihudumia hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alishuka Kampala akiwa amevunjika moyo. Njaa kubwa ilikuwa imewamaliza watu aliokuja kuwatibu, na wafanyakazi wake hawakuwa wakielewana. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Wawili hao walikaa siku mbili na Biblia wakitafuta inasema nini juu ya Roho Mtakatifu. Mweupe na mweusi, chini ya utawala wa kikoloni, mwaka ule, wakiombeana kama wadeni wawili. Kama unataka dalili ya kwanza, mimi ningeanzia hapo kabla ya kufika kwenye nyimbo.

Gahini kulikuwa na Yosiya Kinuka, mkubwa wa wahudumu wa hospitali, mtu mwenye kinyongo. Church alimtuma kwa Nsibambi. Inasimuliwa kwamba Kinuka alipoeleza jinsi hospitali ilivyoharibika, wizi na uvivu na ugomvi, Nsibambi alimwambia chanzo kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Hakulipenda jibu hilo. Njiani kurudi Rwanda likamshinda nguvu. Alipofika hakuanza kwa kuhubiri, alianza kwa kutubu mbele ya watu aliokuwa akiwasimamia.

Kutoka hapo, katika miaka ya 1930 na 1940, moto ule ulipanda Kigezi, ukaingia Buganda, ukavuka kwenda Bukoba, Burundi na Kenya. Waganda waliwaita Abalokole, yaani waliookolewa, nasi tukalichukua neno hilo tukalivalisha kiambishi chetu. Wenyewe waliitana ndugu. Walikuwa na msamiati wao, na aliyekulia karibu nao anausikia hata sasa: kuvunjika, kutembea nuruni, kuliweka jambo wazi. Neno lililowaudhi watu wengi kuliko yote lilikuwa kurudisha. Simulizi za wakati ule zimejaa vitu vinavyorudi kwa wenyewe. Majembe yalirudi, mbuzi wakarudi, na fedha pia, hata zile ambazo mwenyewe alikwisha kuzisahau. Mtu alitembea siku nzima kupeleka shuka ya hospitali aliyoiiba. Wengine walicheka. Lakini aliyepokea shuka alibaki na swali mkononi.

Kanisa lenyewe halikufurahi sana. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, akiwemo mlokole William Nagenda. Walikuwa wakiamka kabla hakujapambazuka kuomba na kuhubiri, na walipokatazwa hawakunyamaza. Ukitaka kuwa mwadilifu utakubali kwamba kulala jirani na watu hao kulikuwa adhabu. Hata hivyo baadhi ya mambo waliyoyasema juu ya ulegevu wa chuo yalikuwa kweli, na mwenye chuo huwa hapendi kuambiwa na mwanafunzi. Mara nyingi dalili haikosi watu wa kuiona. Inakuwa imeonekana vizuri mno.

(Nsibambi, niongeze, hakuwa mchungaji. Sheria ya Rwanda ya 2018 inamtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada, ya teolojia au nyingine yenye cheti cha masomo ya dini, na naielewa sababu yake, kwa yale tuliyoyaona. Ila huwa najiuliza wale wa Gahini wangewasilisha cheti gani.)

Kinachonigusa katika habari hizi ni njia ambayo mali ilipita. Ilitoka katika nyumba ya aliyeokoka ikaenda katika nyumba ya aliyedhulumiwa. Katika sehemu kubwa ya uamsho tunaotangaziwa leo njia imegeuzwa. Mali inatoka katika nyumba ya mwenye shida na kuingia kwa anayemtangazia muujiza. Inaitwa mbegu, na aliye maskini zaidi ndiye anayehimizwa zaidi kupanda. Namba ya kulipia inaoneshwa kwenye skrini kabla ya neno na baada ya neno, na siku hizi hata katikati. Mafuta yana bei na maji yana bei. Kitambaa nacho kimewekewa bei yake.

Mji wangu wa Moshi uliona mwisho wa njia hiyo. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini, wakakanyagana wao kwa wao. Watu 20 walikufa. Nilikuwa na miadi ya kupita eneo lile wiki iliyofuata, nikaizungukia njia nyingine.

Msinielewe vibaya kuhusu fedha kanisani. Nimekulia kwenye mnada. Baada ya ibada, nje ya kanisa, kuku wa bibi mmoja ambaye hana noti anapigiwa kelele mpaka afike mara tatu ya bei ya sokoni, na anayemnunua anamrudisha auzwe tena, na watu wanacheka, na mwisho kuku anaishia kwa mchungaji au kwa mgonjwa. Nimeshuhudia yai moja likinunuliwa kwa shilingi 5,000. Katika mnada kila mtu anajua fedha imetoka wapi na inakwenda wapi, kwa sababu mhazini anasoma hesabu Jumapili inayofuata na wanawake wa kwaya wana kumbukumbu kuliko daftari lake. Sijawahi kuona mtu akiumizwa na mnada, isipokuwa kuku.

Hata hivyo kipimo changu cha mali kina mashimo, na ni afadhali niyaonyeshe mwenyewe. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilikuwa barabarani kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, aliyetoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Waziri alilipa 500 na mkulima alilipa 500. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi. Kwa kipimo cha mfuko, mzee yule hakuwa mlafi. Lakini wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kikombe kile, na wapo waliokufa kwenye foleni. Unyofu wa mtoaji haukumponya mpokeaji.

Kisha Shakahola, huko Kilifi, Kenya, 2023. Watu waliacha kazi, wakauza au wakatupa walivyokuwa navyo, wakaingia msituni kufunga ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, mingi ya watoto. Mali ilitoka pale pia, na kwa ukarimu wa kutisha. Mtu akisema dalili ya Roho ni kuachilia mali, Shakahola inamkana.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Nilichokiona nilikiona kwa kumrudia Zakayo. Yule mtoza ushuru alisimama akasema kuhusu maskini, kisha akasema kuhusu waliodhulumiwa, kwamba atawarudishia mara nne. Yesu hakutamka neno wokovu juu ya nyumba ile mpaka fedha zilipotajwa. Hilo huhubiriwa mara nyingi. Ambalo halihubiriwi sana ni kwamba fedha zile za mara nne zilikuwa na watu wanaozingoja, watu wa Yeriko wenye majina na vilio, ambao wangeweza kusema kesho yake kama zimefika au hazijafika. Shakahola hakukuwa na mtu wa namna hiyo. Walioingia msituni waliachilia, lakini hawakumrudishia mtu kitu, na watoto wao, ambao walidai chakula, hawakusikilizwa. Kwa hiyo swali langu nimelibadilisha. Zamani nilimuuliza aliyebadilika. Siku hizi nataka kumsikia anayemdai.

Swali hilo la anayedai linanipeleka mahali nisipopapenda, Nyamata.

Januari 1964 askari walimchukua Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Kianglikana, mmoja wa ndugu wa uamsho, aliyekuwa akiwahudumia watu waliohamishiwa Nyamata, katika Bugesera ya Rwanda, baada ya machafuko ya 1959. Mwenzake aliyenusurika alisimulia yaliyofuata. Yona aliomba ruhusa aandike katika daftari lake. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni, kisha akaandika, kwa kadiri alivyoweza, hesabu ya fedha za kanisa zilizokuwa nyumbani kwake, akaomba daftari na fedha vifikishwe kwa mkewe. Ndipo wakamuua, mwili wake ukatupwa mtoni. Nimefundisha darasa la wahazini wa mitaa mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa kulisimulia tukio hilo mpaka mwisho. Mtu ana dakika chache za kuishi, naye anafunga hesabu.

Miaka 30 baadaye, Aprili 1994, katika Nyamata hiyo hiyo, maelfu ya watu walikimbilia kanisa Katoliki wakiamini halitavunjwa. Liliingiliwa na wakauawa humo. Leo ni mahali pa kumbukumbu, na nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi. Nchi iliyotupa uamsho ndiyo nchi hiyo. Huwezi kuandika juu ya dalili za Roho Afrika Mashariki ukaruka ukurasa huo, ingawa wengi wetu huuruka tukiimba Tukutendereza, wimbo wa ndugu wale.

Sina jibu la kuufunga ukurasa ule. Naona jambo moja tu. Miaka ile ile ya 1930 ambapo ndugu wa Gahini walikuwa wakirudisha majembe, Wabelgiji walikuwa wakigawa vitambulisho vyenye kuandikwa kabila la mtu. Jembe la wizi lina mwenyewe, unamjua, unaweza kumfuata. Kitambulisho kinarudishwa kwa nani? Wapo ndugu waliokiri mbele ya wenzao hata chuki ya kabila, wakashikana mikono, na wapo waliouawa mwaka 1994 kwa sababu walikataa kutengana. Lakini deni lililokuwa kubwa kuliko yote halikuwa na mlango mmoja wa kugonga, na toba ya mtu mmoja mmoja, pamoja na uzuri wake wote, haikujua igonge wapi.

Na ndugu wenyewe walikuwa na mapungufu ambayo waliokulia karibu nao tunayajua. Kuliweka jambo wazi kuligeuka, kwa baadhi, kuwa kuyaweka wazi mambo ya mwenzako. Kulikuwa na ushindani wa kuvunjika. Kulikuwa na kuulizana juu ya urefu wa nywele na rangi ya nguo. Mke wa jirani yetu, yule wa masale, alipata taabu nyingi na ndugu hao kwa sababu ya hereni.

Dalili za leo, basi? Nitazitaja ninazoziamini, na hazipendezi kwenye picha.

Januari 2023 Tume inayosimamia mali za Kanisa la Uingereza ilitangaza kutenga pauni milioni 100, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba mfuko wake wa zamani, Queen Anne's Bounty, uliweka fedha katika kampuni ya South Sea iliyosafirisha watumwa. Ni vitabu vya hesabu vilivyofunguliwa na wenye navyo, karibu miaka 300 baadaye. Wapo waliosema ni kidogo, wapo waliosema ni siasa, na wapo waliouliza swali la babu kuhusu mikungu. Mimi pia nina wasiwasi, kwa kuwa fedha zile zilipangwa kuwa mfuko wa uwekezaji, na bado sijamsikia mwenye kihamba akisema mpaka umerudi. Lakini mtu amekwenda na jembe mpaka kwenye mpaka. Venus hakupata hata hilo.

Kinyume chake ni habari ya John Smyth, wakili Mwingereza aliyewapiga wavulana kikatili kwa jina la utakaso. Aliwapata katika mazingira ya kambi za Kikristo za Uingereza, kambi zilizosifiwa kwa kuwalea viongozi wa kanisa. Kisha akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi zake, na mvulana mmoja akafa kambini mwaka 1992. Kwa macho ya nje dalili zote zilikuwepo: vijana waliomba, walisoma Neno, walijitoa. Waliojua ukweli walikuwa wale wavulana, na kwa miongo kadhaa hawakusikilizwa. Taarifa ya uchunguzi ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alijiuzulu. Kwangu kujiuzulu kwake ni habari ndogo. Habari kubwa ni kwamba wanaodai walipewa nafasi ya kusema, na kanisa likakaa kimya kuwasikiliza, kwa kuchelewa kunakotia aibu.

Na huku kwetu? Nina mfano mmoja mdogo. Katika usharika mmoja ninaoufahamu, mwaka juzi, mhazini aliyekuwa akimaliza muda wake alisimama kwenye mkutano mkuu na kusema kwamba hesabu zake ni sahihi isipokuwa mahali pamoja, ambapo alikopa fedha ya paa bila kumwambia mtu, kumlipia mwanawe ada, na kwamba amerudisha zote isipokuwa laki mbili. Kimya kiliingia ambacho sijawahi kukisikia kwenye mkesha wowote. Hakuna aliyeanguka. Mama mmoja aliyekuwa amechangia bati tatu kwa fedha ya kuuza vitumbua aliuliza laki mbili italipwa lini. Mhazini akataja tarehe. Mama akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino. Kama Roho alipita usharikani pale mwaka ule, naamini alipita kwenye kiganja kile, na nilipomuuliza mama yule mwezi uliofuata alisema imelipwa, siku mbili kabla.

Jirani yetu alifariki nikiwa kidato cha pili. Ndugu walikuja wengi, wengine kutoka ng'ambo ya mlima, wakaimba kutwa. Ulipofika wakati wa ushuhuda walisimama mmoja baada ya mwingine, nao walieleza jinsi marehemu alivyovunjika, alivyotembea nuruni, alivyolipenda Neno. Mchungaji alikuwa akitazama saa. Ndipo babu aliposimama, nyuma kabisa, kati ya wazee wa mbege waliokuwa wameegemea ukuta. Sidhani kama aliwahi kusimama kusema kwenye ibada maisha yake yote. Alivua kofia. Alisema kwa Kichaga kwamba yeye si wa kundi hilo, na hayo mengine yaliyosemwa hayajui. Alisema mpaka wetu na marehemu uko pale penye mringaringa, masale saba, na kwamba amepima asubuhi hiyo kabla ya kuja. Kisha akavaa kofia, akakaa.